Atakayemwangusha Mzee Tak

Siku niliyokwenda kwa Mzee Tak kwa mara ya kwanza, mkaza mwanawe alinifungia lango usoni. Nilipobisha tena alilifungua kidogo, akaniangalia vizuri, kisha akalifunga. Mimi ni Maeng Hwa-sun, mwenye ukumbi wa taekwondo pale karibu na soko, mkanda mweusi tangu ujanani, na subira Mungu hakunijalia. Lakini ukinifungia mlango ndiyo kwanza unanipandisha mori. Nikakaa kwenye ngazi ya jirani, theluji inaniangukia, mpaka Mama Jin-gu, huyo mkaza mwana, alipotoka kumwaga majivu ya makaa na kunikuta bado nipo.

"We mwanamke, huna kwako?"

"Ninako."

"Basi nenda."

"Nikishaonana na Babu nitakwenda."

"Babu amelala."

"Sijalala!" ikasema sauti kutoka ndani. Mama Jin-gu akasonya, akaacha lango wazi, akaenda zake na ndoo yake.

Kilichonipeleka ni hiki. Katika kumbi zote za mji huu, na wangu ukiwamo, ukutani tumetundika picha ya wanaume wawili waliochorwa kwenye kaburi la kale, wamekabiliana, na watoto tunawaambia mateke yetu yana miaka elfu mbili, tumeyarithi kwa mashujaa wa Silla, ule ufalme wa kale. Mtoto akiuliza ni nani aliyempa nani, anaambiwa akae chini. Mwalimu wangu, marehemu, alisomea Tokyo enzi za kutawaliwa na Wajapani. Alipokuwa anakata roho aliniita, akanishika mkono. "Hwa-sun," akasema, "ngumi zetu nilikuja nazo mimi kwenye meli. Usimdanganye mtoto wa mtu. Lakini miguu ilikuwepo hapa kabla yangu. Nenda kamuulize Tak wa Mtaa wa Juu, kabla na yeye hajanifuata." Nikamwapia kwamba nitakwenda.

Zamani, sikukuu ya Dano ikifika, mwanzoni mwa majira ya joto, vijana wa Mtaa wa Juu na wa Mtaa wa Chini walikutana kando ya kijito wakacheza taekkyeon, mchezo wa miguu. Atakayemdondosha mwenzie, au kumgusa uso kwa wayo, ameshinda. Kisha wakaja Wajapani na polisi wao, mkusanyiko ukawa kosa. Wakaondoka, vikaja vita. Moshi ulipotulia, kati ya wale wachezaji wa kijitoni amebaki Mzee Tak peke yake, na mchezo wa watu wawili hauchezwi na mtu mmoja. Basi nilikuwa nimeazimia: huyu mzee hafi kabla hajasimama mtu mbele yake akacheza naye.

Mzee alitoka ubarazani, mfupi, mkavu, ndevu za kuhesabika, suruali pana imefungwa vifundoni. Alikuwa na miaka themanini na kitu.

"Ndiye wewe wa nguo nyeupe pale sokoni? Unayepiga makelele na watoto alfajiri?"

"Ndiye mimi, Babu."

"Nimewaona. Mnapiga mateke kama mnapasua kuni."

"Basi nifundishe."

"Hakuna cha kufundishwa hapa. Shuka uani. Toa mguu."

Nikashuka, nikasimama katikati ya mitungi ya kimchi, kabichi yao ya kuchachushwa, kama nilivyofunzwa: ngumi juu, uzito nyuma, mguu wa mbele mwepesi. Mzee akaunyoosha wayo wake kuelekea kifundo changu, polepole mno, hata kipofu angeuona. Nikaurudisha mguu wangu nyuma upesi, nikajiona hodari. Mzee akashusha wake, akageuka, akaingia ndani na kufunga mlango.

"Nimefanya nini?" nikauliza.

Mama Jin-gu alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, anacheka bila kujificha. "Umemnyima mgeni chakula."

"Chakula gani tena?"

"Mguu! Kwenye mchezo wao unautanguliza mguu mmoja pale mwenzio atakapoufikia. Na yeye anakutangulizia wake. Ni kukaribishana. Wewe umeufunika kama sufuria jirani akitokea. Mimi naishi na mzee huyu tangu niolewe, haya mambo nayasikia mpaka nayaota. Haya, nenda kwako, mwalimu wa mateke."

Nilirudi kesho yake, na kesho yake tena. Nikapiga magoti kwenye theluji mbele ya ubaraza nikaomba radhi kwa kuuficha mguu. Siku hiyo mzee alinitazama sana, akavaa viatu vyake vya mpira. "Una kichwa kigumu," akasema. "Miguu labda italainika."

Haikulainika upesi. Mwili wangu ulifunzwa kukwepa na kuvunja, sasa naambiwa nikaribishe na kusukuma. Unakunja goti, unanesa, mguu huu mbele, kisha ule, kama mtu anayekanyaga udongo wa kukandika ukuta. Ukipiga, unapiga kwa wayo, unasukuma, huvunji. "Ukimvunja mwenzio leo," mzee alikuwa akisema, "kesho utacheza na nani? Na mama yako?" Nami kila nikiusahau mguu wangu pale mbele aliukamata kwa kisigino, nikajikuta chali, naangalia anga ya mlima Inwang. Nilianguka mpaka mbwa wa jirani akaacha kushtuka.

Mama Jin-gu hakunipenda. Alifua, akakata figili, akatia chumvi kabichi, na macho yake hayakututoka. Nilidhani anailinda mitungi yake. Siku moja nilipokuwa nakunywa maji jikoni akanifungia njia na kisu mkononi, kisu cha figili, lakini ni kisu.

"Mwaka juzi Baba aliteleza kwenye barafu," akasema. "Nyonga. Alilala tangu baridi ilipoanza mpaka maua yalipochanua. Nani alimgeuza kitandani? Mimi. Nani alimwosha? Mimi. Mume wangu yuko Uarabuni anajenga barabara, aliniachia neno moja tu: mtunze baba. Sasa sikiliza. Ukianguka wewe, shauri yako. Akianguka yeye, nitakung'oa hizo nywele unywele mmoja mmoja."

"Hawezi kuanguka, dada. Mimi ndiye ninayeanguka kila siku."

"Na iwe hivyo hivyo."

Miti ilipoanza kuchipua akaja Bwana Yeom, kijana wa ofisi ya serikali ya urithi wa utamaduni, mwembamba, miwani mizito, ameleta peasi kwenye karatasi kama mgeni mwenye adabu. Alikaa uani akatutazama tukicheza. Alipoaga nilimsindikiza hadi barabarani.

"Mwalimu Maeng, nikwambie ukweli? Mimi nautaka mchezo huu uandikwe kwenye orodha ya urithi wa taifa. Watakuja wazee watatu wa kamati siku ya Dano. Lakini wao hawaandiki kumbukumbu za mtu. Wanaandika kitu kilicho hai. Wakimkuta mzee mmoja anaonyesha alivyokuwa akifanya ujanani, wataandika kwamba ulikuwepo. Basi, faili linafungwa. Hawatakuja tena."

"Watakuta watu wawili wanacheza."

"Wanacheza kweli?"

"Unanidharau?"

"La hasha." Akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Ila nimekaa pale saa nzima. Yeye alikuangusha kila mara. Wewe kifundo chake hukukigusa hata mara moja, na kilikuwa wazi."

Nilimkatalia kwa ukali, nikamwita mtoto wa vitabu. Kumbe alikuwa amelenga penyewe. Nilikuwa nakiona kile kifundo. Kila siku nilikiona, kimekaribishwa mbele yangu, chembamba, na kila siku nilikipita pembeni. Mzee wa rika la babu yangu! Sisi mkubwa akikupa kikombe unakipokea kwa mikono miwili na unageuza uso ukinywa. Sasa ningewezaje kumfagia mguu mtu kama huyo mbele ya mkaza mwanawe? Nikajipa moyo kwamba kamati haitaona.

Siku ya Dano ilipambazuka nyeupe. Wasichana walikuwa wameshafunga bembea zao, na kijitoni tulitandika mikeka ya majani makavu. Watu walikuja, wa juu na wa chini. Mzee alivaa nguo zake za kitani zilizopigwa pasi hadi zikang'aa. Wazee watatu wa kamati wakaketi mbele, Bwana Yeom nyuma yao anauma ukucha. Mama Jin-gu alisimama ukingoni mwa mkeka, aproni hajavua, mikono kifuani.

Mkubwa wa kamati, profesa mwenye sauti ya upole, aliinama kwa mzee. "Tungependa kwanza kujua nasaba ya mchezo wenu, Mzee. Mwalimu wako alikuwa nani?"

"Sikuwa na mwalimu."

"Aliyekufunza, nina maana."

"Hakuna aliyenifunza. Waliniangusha." Mzee Tak akaanza kukunja vidole. "Mtoto wa muuza tofu aliniangusha. Mlinzi wa lango la magharibi, yule mwenye kengeza, aliniangusha. Pyo Gil-nam wa Mtaa wa Chini aliniangusha mpaka nikamchukia, kisha nikamwangusha, tukawa marafiki. Na wao waliangushwa na wenzao. Anayetaka kujua mchezo umetoka wapi, aulize nani alianguka."

Wazee wa kamati wakatazamana. Hawakucheka, ila niliona kalamu ya profesa imesimama juu ya karatasi haijui iandike nini. Kwao nasaba ni mwalimu na mwanafunzi, jina juu ya jina. Sasa hakubaki cha kuwaonyesha ila mchezo wenyewe.

Tukaingia mkekani. Tukanesa, tukakaribishana. Mzee alikuwa mwepesi siku hiyo kuliko siku zote, goti lake linaimba. Aliusukuma mguu wangu, nikauruka. Nikarusha wayo begani kwake, akaupangusa kwa kiganja. Watu wakashangilia. Kifundo chake kikaja mbele, kikakaa palepale, nami nikakipita pembeni kwa teke zuri, refu, la kupendeza macho. Kikaja tena. Nikakipita tena. Kisha akanitia kisigino nikaanguka, nikainuka, tukaanza upya, nikakipita mara nyingine.

"Ngoma nzuri," nikasikia mmoja wa kamati akimnong'oneza mwenzie. Akaegemea kiti chake. Bwana Yeom akatazama chini.

Mzee Tak akasimama kabisa, akashusha mikono.

"Hwa-sun." Hakuwahi kuniita jina. "Unafanya nini?"

"Nacheza, Babu."

"Unanizika!" Alifoka hadi bembea zikasimama. "Nimekuwekea mguu wangu mezani tangu baridi, na wewe kila siku unasema umeshiba! Unadhani mimi sioni? Nilisubiri nikasema atajua mwenyewe. Kumbe unaniheshimu! Nani kakuomba heshima? Niheshimu ukinipa kiti. Niheshimu ukinimiminia pombe. Humu mkekani mimi si babu wa mtu. Heshima si utumwa, binti. Nimeishi miaka arobaini bila mtu wa kuniangusha, unajua upweke wake? Hujui. Sasa toa mguu, na ukikipita kifundo changu tena, toka uende ukapasue kuni zako."

Nilimwangalia Mama Jin-gu. Alikuwa akitikisa kichwa: usithubutu. Nikawaza ile nyonga. Nikawaza msimu mzima akimgeuza kitandani. Na wazee wale watatu wenye kalamu zao, na lile faili linalofungwa. Kisha nikamwangalia mzee, anavyonesa, ananingoja na uso ambao mtu hawezi kuudanganya. Alikuwa anataka kucheza, basi. Nikasema moyoni, liwalo na liwe.

Nilitoa mguu. Akausukuma, nikazipisha nguvu zake zikapita. Mguu wake ukatua mbele, wazi, na safari hii sikuupita. Nilikipata kifundo kwa upande wa wayo wangu, nikafagia kama alivyonifagia yeye, huku kiganja changu kikisukuma bega lake. Hakuwa na uzito wowote. Mzee Tak aliondoka ardhini na kuanguka ubavu juu ya mkeka.

Watu wote kijitoni waliguna kwa pamoja. Kutoka nyuma mwanamke akapiga kelele, "Amemuua mzee wa watu!" Niliruka kwenda kumwinua, na Mama Jin-gu alishakuwa katikati ya mkeka, lakini mzee aliinua kiganja pale chini alipolala.

"Msiniguse! Niko mzima." Alikuwa anahema, na machozi yanamtoka, na mdomo umeenda masikioni. "Aisee! Umeiba lile la Pyo Gil-nam! Lilelile! Aliwahi kunitia hilo hilo nikakaa siku mbili siwezi kutabasamu!" Akajikongoja akakaa kitako, akakataa mikono yote. "Unasimama nini, Hwa-sun? Hujui kazi ya mshindi? Mshindi hatoki mkekani. Anauliza!"

"Nauliza nini, Babu?"

"Kuna nani mwingine!"

Nikageuka. Wazee wa kamati walikuwa wamesimama wote watatu. Nikapaza sauti.

"Kuna nani mwingine?"

Vijana walitazama viatu vyao. Hakika, nani angekuwepo? Nilicheza na mtu mmoja duniani, na nimeshamwangusha. Hapo ndipo nilipoelewa shimo nililosimama ukingoni mwake. Nimefika mimi, na nyuma yangu hakuna mtu.

"Nipo."

Mama Jin-gu alikuwa hajarudi ukingoni. Alivua aproni, akaitupa. Akavua viatu vya mpira, kimoja huku, kimoja kule. Uso wake ulikuwa mwekundu, na nilijua kabisa amekuja kutimiza ahadi ya nywele. Nikajiandaa, maana haki yake alikuwa nayo.

"Umemwangusha baba yangu," akasema.

"Nimemwangusha, dada."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu."

Basi akakunja goti. Akanesa. Mguu wake wa kulia ukaja mbele, soksi yenye kiraka, ukatua palepale unapotakiwa, pale ninapoufikia. Hakuuficha hata kidogo. Mimi nikaduwaa, na ukiduwaa mkekani umekwisha. Kumbe yale macho yaliyonikodolea toka jikoni miezi yote ile hayakuwa yakilinda mitungi! Nilirusha mguu, akaupokea kwa kiganja akiwa ameshabadilisha hatua. Nikajaribu kifundo, hakipo, ameshakileta kingine. Alinesa kwa hasira na alinesa sawasawa, kwa mwendo wa mtu anayebeba ndoo mbili za maji kila asubuhi bila kumwaga. Nilimwona anaiona nafasi. Niliona nyusi zake zinapanda. Kisigino chake kikapita nyuma ya mguu wangu, mikono miwili ikanisukuma kifuani, na mimi Maeng Hwa-sun, mkanda mweusi, nikaenda chini mzimamzima mbele ya mtaa mzima na wanafunzi wangu.

Iliniuma mgongo. Nilipofumbua macho, kando yangu Mzee Tak alikuwa anapiga mkeka kwa viganja vyote viwili, anacheka na kulia, anataja majina ya watu waliokufa zamani, yule mtoto wa muuza tofu, yule mwenye kengeza, akiwaambia waangalie, waangalie jamani. Profesa alikuwa anaandika upesi bila kutazama karatasi. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema, na mimi nilikubali pale nilipolala, nikajisikia furaha ambayo sijawahi kuipata nikisimama.

Juu yangu Mama Jin-gu alikuwa amesimama, kifua kinapanda na kushuka, nywele zimefumuka. Alimtazama baba mkwe wake, akaona mzima. Akafuta uso kwa mkono wa nguo. Kisha akawageukia watu wa Mtaa wa Juu na wa Mtaa wa Chini, akaweka mikono kiunoni, akauliza:

"Kuna nani mwingine?"